Aliitwa, Hakugeuka

Tarehe 16 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umepona mafua na umeacha kumsingizia jirani kwamba ndiye aliyekuambukiza. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua, na ukimwambia aende hospitali anajibu kwamba goti ni lake na maumivu ni yake. Mnafanana, ndugu nyinyi. Wanangu wamerudi shule, nyumba imetulia, hata paka amepata pa kulala.

Sasa jambo lenyewe, na usicheke. Nimerudi kuwa mwanafunzi. Likizo yote tumekalia madawati ya watoto, walimu thelathini wazima, magoti yakigusa videvu, tunafundishwa kufundisha. Mkufunzi wetu ni mama mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo. Ukikohoa umekosa somo. Nilikwenda kwa shingo upande. Nimerudi sijijui.

Benchi la nyuma nimelifuta. Unajua tunavyowapanga: wenye alama nzuri mbele, na wale tunaowaita wazito nyuma kabisa, karibu na ndoo ya maji na mafagio. Nilifanya hivyo miaka tisa kwa sababu ndivyo ulivyotufanyia wewe. Sasa wanahama kila Jumatatu. Halafu nikiuliza swali, nahesabu moyoni mpaka saba kabla ya kusema mtoto hajui. Shangazi, saba ni mbali! Mikono inaniwasha. Lakini wapo ambao jibu lao hufika kwenye sita.

Tena tumeambiwa, kabla ya kumwita mtoto mzito, hakikisha kwanza anaona na anasikia. Unamsimamisha, unakaa hatua tatu nyuma ya mgongo wake, unaziba mdomo kwa daftari na kutamka maneno matatu kwa sauti ya chini. Yeye anayarudia. Sikio moja kwanza, la pili amelifunika kwa kiganja, kisha mnabadilisha. Nimewapima wote sitini na mmoja: paka, jembe, kiti. Wote wamepita. Nilifurahi, ila nilimshuku mmoja, binti wa fundi cherehani, ambaye walimu wanamwita Bi Kiburi kwa sababu mwalimu mkuu akimsalimu hupita kama hakuona mtu. Naye kapita. Basi ni kiburi kweli.

La mwisho. Tarehe ishirini mwezi ujao kaka anatimiza miaka saba tangu tumzike. Baba kanikataza kuandika hili. Wifi, mkweo, anasema mlango wake uko wazi, hata kwa asiyefika siku ile.

Mwanao,
mwalimu wa darasa la pili


Tarehe 24 Januari

Mwalimu wa darasa la pili,

Marahaba. Nimepona. Jirani ndiye aliyeniambukiza.

Nakurudishia barua yako imesahihishwa kwa wino mwekundu, kama desturi yetu tangu ulipokuwa chuo cha ualimu. Makosa manne, na moja limenitia haya mimi niliyekufundisha kushika kalamu. Nimekupa saba juu ya kumi. Ingekuwa nane, lakini umeandika kwamba mikono inakuwasha, na mwalimu hamwambii mtu mambo hayo.

Bati la jikoni linavuja palepale. Fundi alikuja, akalitazama, akatikisa kichwa kama daktari, akaondoka. Msalimu baba yako. Mwambie goti halina heshima kwa wabishi.

Haya, elimu yenu mpya. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Waliopita mikononi mwangu leo ni wauguzi, mafundi, mmoja ni hakimu. Benchi la nyuma halikuua mtu. Aliyekaa nyuma alijua alipo na alijua aendako akijitahidi. Samaki mkunje angali mbichi. Na huko kuhesabu mpaka saba, mara watoto sitini na mmoja, mtafika mwezi wa sita mkiwa ukurasa wa kwanza.

Lakini hicho kipimo cha masikio, aliyekibuni ana akili. Nyinyi mliokitumia ndio hamna. Maneno matatu yale yale kwa watoto wote? Mtoto wa kwanza akishakaa, darasa zima limeshaambiana. Huyo binti wa fundi hakuhitaji kusikia kitu. Ameona midomo ya wenzake sitini, kisha akasema kama wao. Hata mimi ningepita nikiwa nimeshakufa. Badili maneno kwa kila mtoto, tena yasiwe ya kubahatisha. Mwalimu asiyebadili maswali hapimi mtoto, anapima uvumi.

Kuhusu kiburi, sikatai. Kipo. Nimekaa nacho nyumba moja miaka kumi na saba, na kilipoondoka hakikuaga.

Sentensi zako za mwisho nimezipigia mstari. Hazina kosa la uandishi. Usizirudie.

Shangazi yako


Tarehe 11 Februari

Shangazi wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo, maana leo nakuamkia mara mbili. Baba amekwenda hospitali! Alisikia neno lako la wabishi, akavaa viatu akaondoka. Wamempa dawa ya kuchua na kumkataza ngazi. Mama anasema angejua, angekuandikia wewe miaka mitatu iliyopita. Mwanangu mdogo ameng'oka jino, na sasa akisema "shangazi" anatema mate.

Nimefanya ulivyoniagiza. Niliandika maneno mia moja na themanini na tatu, matatu kwa kila mtoto, nikawa natoka nao mmoja mmoja nyuma ya stoo ya vitabu. Zamu ya Bi Kiburi ilipofika nikasema: embe, sindano, kobe. Kimya. Nikahesabu mpaka saba. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Kimya. Akageuka taratibu, akanitazama mdomoni, akasema, "Paka, jembe, kiti."

Nilikaa chini, Shangazi, pale pale kwenye vumbi. Sikio la kulia halina kitu kabisa. La kushoto linasikia nusu nusu. Tangu darasa la kwanza tumemweka nyuma, karibu na ndoo, na kila siku tukamwadhibu kwa kutojibu. Kumbe mwalimu mkuu humsalimu kutoka upande wa kulia! Sasa ndiyo nimeyaona yote niliyokuwa nikiyatazama. Anavyoinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. Anavyocheka wenzake wakishamaliza kucheka. Ukimwita uwanjani penye kelele hageuki, au anageukia upande isikotoka sauti. Akikaa na rafiki yake humvuta akae kushoto.

Nilimwita baba yake. Alifika na futi ya kupimia bado shingoni. Akasema binti alipokuwa mdogo alitoka usaha sikioni miezi kadhaa, ukakauka, wakashukuru Mungu. Nilipomwonyesha kipimo aliegemea ukuta, akaniambia, "Mwalimu, mimi nimempiga huyu mtoto kwa kutonisikia." Alilia mbele yangu, mwanamume mzima.

Sasa anakaa mbele, upande wa dirishani, sikio la kushoto likinielekea. Jana alisoma mstari mzima. Daktari anasema hilo moja linaweza kusaidiwa. Wewe ndiye uliyemwona, Shangazi, ukiwa kwako jikoni chini ya bati bovu. Mimi nilikuwa naye kila siku na sikumwona. Mkufunzi nilipomsimulia alisema anataka kukujua.

Nipe alama zako. Leo nataka tisa.

Mwanao


Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika. Sijaisahihisha.

Nijibu haya kwa ufupi, bila hadithi. Huyo binti akiitwa kwa nyuma penye kelele, je, huwa anasikia kidogo akapuuza, au hasikii kabisa? Usaha ulipokauka, mama yake alijua kwamba sikio limekufa, au alidhani limepona? Na je, mtu anaweza kukaa hivyo mpaka ukubwani, akazungumza na watu, akacheka, akafanya kazi, pasipo yeye wala wa nyumbani mwake kujua? Hilo la mwisho muulize mkufunzi.

Msalimu baba yako.

Shangazi


Tarehe 15 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako haikuwa na salamu, nikapata wasiwasi. Huku mvua zimeanza vizuri. Goti la baba linaendelea kupona. Mama ameshona mapazia mapya ya rangi ambayo baba anasema inamkumbusha wodi ya hospitali. Mwanangu mkubwa amekuwa wa nne darasani. Yule mdogo jino jipya limechomoza. Jirani zetu wamehama, wamekuja wengine wenye mbwa. Darasani tumefika herufi mwambatano, na wanazipenda kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu maswali yako. Mkufunzi anasema kila mtoto ni wa peke yake na haifai kumlinganisha mmoja na mwingine. Anasema pia kwamba kuna watu wasiogeuka wakiitwa kwa sababu zao wenyewe tu. Huyo wa kwangu ni mtoto mdogo. Kwa mtu mzima mambo huwa tofauti.

Kama unawaza ninachodhani unawaza, Shangazi, acha. Mimi niliishi kwako miaka minne, tukila sahani moja na kaka, tukienda shule pamoja asubuhi na kurudi pamoja mchana. Alikuwa anasikia vizuri. Nakumbuka kabisa.

Jitunze. Umempata fundi mwingine wa bati?

Mwanao


Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Nakurudishia barua yako. Aya ya mwisho nimeipa sifuri. Ulipokuwa darasa la pili ulikuwa ukidanganya unaandika sentensi fupi fupi, na hujaacha.

Mlipokuwa mkienda shule alikuwa anakuweka upande wake wa kulia. Ukihamia kushoto anakurudisha. Nilikuwa nawatazama mlangoni mpaka mnakata kona, nikasema moyoni, angalau ana huruma, anamkinga mdogo wake na magari. Kurudi, magari yanakuwa upande wa pili. Na bado ulikuwa kulia.

Nitaandika mara moja, kisha sitaandika tena.

Alipokuwa na miaka minne alitoka usaha sikio la kushoto. Nilimtia mafuta ya uvuguvugu. Ukakauka. Nikashukuru Mungu, kama huyo fundi wako. Alipofika darasa langu nilimwita hakuitika, nikamwuliza hakujibu, nami sikutaka watu waseme mtoto wa mwalimu anabebwa. Nilimweka benchi la nyuma kuliko wote. Siku moja nikasema mbele ya darasa zima, "Huyu si mtoto, huyu ni gogo." Walicheka. Jina likamganda mpaka mtaani. Unadhani nani alianza kumwita Gogo? Watu wanadhani ni watoto. Ni mimi. Nilimwambia pia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikampiga, tena zaidi ya nilivyowapiga watoto wa watu.

Alipofeli mtihani wa mwisho tulirushiana maneno siku tatu. Siku ya nne akachukua begi. Nilikaa nyumbani kama nusu saa kwa kiburi, kisha nikakimbia mpaka stendi, kanga imefungwa ovyo, mwalimu mzima. Basi lilikuwa linaunguruma, wapiga debe wanapiga kelele. Alikuwa ameweka mguu ngazini, amenipa mgongo. Mimi nilikuwa kushoto kwake, hatua tatu. Sikuthubutu kumshika. Nikasema, "Mwanangu, nisamehe." Hakugeuka. Nikasema tena. Mara ya tatu nilisema kwa sauti ambayo mwanamke aliyekuwa akiuza maji aligeuka kunitazama. Yeye akapanda.

Nikakunja mikono. Nikafunga mdomo. Alikaa dirishani akanitazama, nami nikamtazama, basi likaondoka. Nikasema, nimejishusha mbele ya watu mara tatu na amenikataa mara tatu. Sikio la kufa halisikii dawa. Akaja kutuma ujumbe kwamba anaoa. Sikujibu. Nilisema, aliyekataa samahani yangu anataka nini na baraka zangu? Akafa kwa homa ya siku nne, nikasema, aliyenikataa akiwa hai hanihitaji akiwa maiti. Mlikwenda wote kuzika. Mimi nilikaa nikasahihisha madaftari. Najua mlivyonisema. Sikuwaambia ya stendi kwa sababu niliona aibu kukataliwa.

Miaka ishirini na miwili nimemkasirikia mwanangu kwa siku ile. Sasa mwanangu mwingine ananiandikia kwamba kuna watoto wasiogeuka.

Nenda kwa mkwe wangu. Mimi sina uso. Mwulize neno moja tu: sikio la kushoto lilikuwa linasikia? Akisema linasikia, nitarudi kwenye hasira yangu, nimeizoea. Akisema halisikii, niandikie, usinifiche. Na chochote kingine atakachosema, niandikie.

Shangazi yako


Tarehe 26 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi haikunizuia, wala mvua, wala watoto. Nilikuwa nimekwisha kwenda kwa wifi tangu mwezi wa nne, shule zilipofungwa. Barua hii nimeiandika mara tano. Baba alikuwa wa kwanza kuniona nikiichana. Nikamsomea yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje bila fimbo, akakaa kwenye jua mchana kutwa. Aliporudi aliniambia, "Mwandikie. Umfiche nini aliyekwisha jua?"

Kwanza kosa langu. Siku ya mazishi nilisimama na wanawake jikoni kwa wifi, nikasema kwa mdomo wangu kwamba Shangazi ana moyo wa jiwe. Nilisema kwa sauti ili wasikie. Wewe ndiye uliyenilisha na kunifundisha kusoma, nami nilisema hivyo huku nikikatakata vitunguu. Kila barua niliyokuandikia tangu hapo, miaka saba, nilikuwa nakuandikia nikiwa na neno lile ndani. Na ni kweli, alikuwa akiniweka kulia. Nilijua tangu uliponiuliza yale maswali. Nilipokuwa mdogo nilidhani ananipenda tu.

Wifi alinipokea vizuri. Nilimwuliza kama ulivyoagiza. Akacheka kidogo, akasema, "La kushoto? Lile lilikuwa pambo." Mwaka wa kwanza wa ndoa alidhani mumewe ana dharau, mpaka alipogundua kwamba akilalia sikio la kulia hata mlango ukivunjwa haamki. Alimpeleka hospitali. Daktari akasema sikio hilo limekufa tangu utotoni. Wifi anasema kaka alitoka mle chumbani anatabasamu, akamwambia, "Kumbe sikuwa gogo."

Alitaka kukuandikia akueleze. Alianza, akaacha. Alisema, "Mama atasema nimetafuta kisingizio."

Umesema nikuandikie chochote kingine. Nimejiuliza wiki tano kama ulimaanisha. Nilimwuliza wifi kama kaka aliwahi kuzungumza juu ya siku aliyoondoka. Akasema alizungumza mara nyingi, kila alipokuwa na huzuni, na siku zote kwa maneno yale yale: "Mama alikuja mpaka stendi. Alisimama, akakunja mikono, akanitazama nikiondoka. Hakusema hata neno."

Ndiyo hivyo, Shangazi. Nimemaliza. Hakukukataa. Naandika huku nalia, na kama kuna makosa ya uandishi nayajua.

Nimefikiria kukuandikia kwamba hukujua, na kwamba zamani hakuna aliyejua. Nitakuja likizo ya mwezi wa nane nikuambie kwa mdomo. Binti wa fundi anaendelea vizuri. Siku hizi ananyoosha mkono hata kabla sijauliza.

Mwanao


Tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Marahaba.

Nimekuwa mzima, sikuumwa. Jirani alileta uji siku kadhaa, hakuuliza kitu. Namwondolea lile la mafua.

Ulichosema jikoni siku ile nimekusamehe, ingawa ulikuwa na haki. Usirudie kukiombea msamaha. Kuna wanaouhitaji kuliko wewe.

Nilikwenda kwa mkwe wangu. Sikukuambia kwa sababu ungetaka kunisindikiza. Basi la asubuhi, saa sita za njia. Alikuwa anafua. Alinitambua kabla sijasema, labda kwa pua, maana pua ile nilimpa mwanangu. Hakunikumbatia, hakunifukuza. Alikausha mikono, akaleta kiti. Mtoto wao wa kike akatoka ndani, ana miaka tisa, akaniamkia, "Shikamoo, bibi mgeni." Nikaitikia. Nilikuwa mgeni kweli.

Niliomba nipelekwe kaburini. Ni mwendo mfupi, nyuma ya nyumba za mwisho. Nilimwuliza mkwe wangu kichwa kimelala upande gani. Akanionyesha. Nikazunguka nikasimama kulia, nikainama mpaka chini, nikamwambia mwanangu anisamehe. Nilisema mara tatu. Hapakuwa na basi wala kelele. Nilisema polepole, kama ninavyomfundisha mtoto neno jipya. Kisha nikangoja. Ulisema mkufunzi wenu anahesabu mpaka saba. Mimi nilihesabu nikapita mia, nikasahau nilipofika, nikaanza upya.

Mkwe wangu alikuja akaniinua. Njiani nikamweleza ya stendi yote, kwamba nilisema, kwamba nilimwita, kwamba kuna mwanamke muuza maji aliyesikia. Nilikuwa nang'ang'ana kama mtoto anayejitetea kwa mwalimu. Alinisikiliza mpaka tukafika mlangoni. Akasema, "Nakuamini, mama. Lakini si mimi uliyekuwa unaniita."

Hakusema kwa ubaya. Alinipakulia chakula, nikala. Mjukuu wangu alinisomea kitabu chake cha shule, anasoma vizuri. Nilimsimamisha akanipa mgongo, nikaziba mdomo kwa kitabu, nikampima yote mawili. Anasikia. Mama yake alikuwa akituangalia kutoka dirishani, nikaona ameshika mdomo.

Niliporudi, nilipoteremka stendi nilikaa chini palepale nikalia mbele ya watu. Nilimlilia mwanangu kwa mara ya kwanza tangu afe. Vijana wawili walinichukulia teksi. Mmoja aliniita mwalimu. Labda nilimfundisha, sikumtambua. Nilitaka kumwuliza alikuwa anakaa benchi gani, nikaogopa.

Mwezi wa nane njoo, nitafurahi. Lete wajukuu zangu. Tutakula, tutazungumza, utanisimulia darasa lako lote mmoja mmoja. Lakini usije na yale maneno uliyoyaandaa, kwamba sikujua. Nilimzaa, nikamlea, nikamfundisha kusoma. Alikaa mbele ya macho yangu nyumbani na darasani, mchana kutwa, miaka kumi na saba. Kama mimi sikujua, nani mwingine alipaswa kujua?

Shangazi yako